Mtoto Njiti na Mapokezi Yake: Mashine, Kifua au Ada?

Mkanganyiko wenyewe

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, na za bara kadhalika, matayarisho ya kumpokea mtoto hukamilika kabla mwenyewe hajafika: chumba kimeshatengwa, kanga zimeshafuliwa, mama mkwe ameshaahidi kuja kukaa hadi arobaini, na mbuzi wa akika huenda ameshatajwa kwa rangi yake. Matayarisho yote hayo yamejengwa juu ya dhana kwamba miezi tisa itatimia, na kwamba mama na mwana watatoka hospitali pamoja siku ya pili au ya tatu. Pindi uchungu unapokuja katika mwezi wa saba, au kifafa cha mimba kinapowalazimisha matabibu kumpasua mama ili kumnusuru yeye na kiumbe chake, dhana hiyo huporomoka, na watu wa nyumba hubaki wameduwaa: waende kumpongeza mzazi au kumpa pole, wamnunulie mtoto nguo au wangoje waone kama ataishi, wamwite jina au wanyamaze.

Kimya hicho hakikawii kujazwa maneno. Mmoja atasema mtoto wa miezi saba hupona, bali wa miezi minane hana umri. Wa pili atasema dawa ni mashine ya joto, na hospitali isiyo nayo mgonjwa akimbizwe kwingine usiku huo huo. Wa tatu amesikia kwamba mashine zimepitwa na wakati na kwamba siku hizi mtoto hufungwa kifuani mwa mamaye. Na wa nne, ambaye aghalabu ndiye mwenye umri mkubwa na sauti ya kusikilizwa, atakumbusha kwamba watoto wa namna hiyo walilelewa zamani kwa pamba, mafuta ya nazi na jiko la mkaa chini ya kitanda, na baadhi yao leo ni watu wazima wenye wajukuu. Rai tatu kati ya hizo zina haki yake na zina hatari yake, na madhumuni ya makala haya ni kuzipima moja moja. Ile ya miezi saba na minane ni uvumi mtupu, nayo tutaimaliza kwanza.

Amekosa nini aliyewahi kuzaliwa

Shirika la Afya Duniani humhesabu mtoto kuwa amezaliwa kabla ya wakati ikiwa wiki 37 za mimba hazijatimia, na humhesabu kuwa na uzito pungufu ikiwa hakufika gramu 2500. Wawili hao si lazima wawe mmoja, kwa maana yuko aliyetimiza miezi yake akatoka mdogo kwa kukosa lishe tumboni. Lakini lugha ya mitaani Tanzania imewakusanya wote katika jina la njiti. Kwa mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watoto milioni 13.4 duniani walizaliwa kabla ya wakati, yaani kiasi cha mmoja katika kila kumi. Si jambo la nadra, wala si fedheha ya nyumba fulani.

Sababu ni nyingi: shinikizo la damu na kifafa cha mimba, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, mimba ya pacha, mimba zinazofuatana bila nafasi, umri mdogo wa mama; na mara nyingi sana hapaonekani sababu yoyote hata baada ya vipimo vyote. Hili la mwisho ndilo lisilovumilika kwa jamaa, kwa kuwa binadamu akikosa sababu huitunga, na yule anayetungiwa huwa karibu, amelala kitandani, hana nguvu ya kujibu. Huambiwa alibeba ndoo, au alipanda pikipiki, au alitoka nje magharibi bila kujifunika. Lawama hizo zina taathira ya mwilini, si ya moyoni tu, maana mama mwenye hofu na majonzi maziwa yake hukawia kutoka, na maziwa ndiyo chakula na dawa ya yule aliyewahi.

Kiumbe huyu amepungukiwa na mambo manne. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, kwa hiyo hapati joto la kujitosheleza, ilhali mwili wake unatakiwa ubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Mapafu yake hayajapata ule utando wa utelezi unaoyazuia yasigandamane kila anapotoa pumzi. Hawezi bado kupatanisha kunyonya, kumeza na kupumua kwa wakati mmoja, ustadi ambao hukamilika kiasi cha wiki ya 34. Na kinga yake ni haba, kwa sababu sehemu kubwa ya kinga ya mama humfikia mtoto katika wiki za mwisho, ambazo yeye hakuzikaa.

Kutokana na hayo itadhihirika kwamba ule msemo wa miezi saba na minane hauna mashiko. Ni imani kongwe mno; matabibu wa Uyunani ya kale waliiandika, na waandishi waliowafuata wakairithi. Ukweli ni kinyume chake: kila wiki moja anayozidi kukaa tumboni humwongezea mtoto nafasi ya kuishi. Imani hiyo imedumu kwa jinsi kumbukumbu zetu zilivyo, kwani mtoto wa miezi saba akipona huwa ajabu ya mtaa mzima na hukumbukwa maisha, ilhali wa miezi minane akipona huonekana mtoto kama wengine, asihesabiwe; akifa ndipo huhesabiwa.

Rai ya kwanza: mashine

Mashine ya joto, au inkubeta, ilitokana na kuku. Mnamo 1880 hivi, tabibu wa uzazi Stéphane Tarnier aliona katika bustani ya wanyama jijini Paris kifaa cha kuangulia vifaranga, akamwagiza fundi wa bustani hiyo, Odile Martin, amtengenezee cha watoto kwa ajili ya hospitali ya uzazi ya jiji hilo. Vifo vya watoto wadogo vikapungua, na mwanafunzi wake Pierre Budin akaieneza elimu ile. Kilichofuata ni kioja: kwa miaka mingi Marekani hospitali nyingi zilisitasita kuwashughulikia watoto hawa, hata mtu mmoja, Martin Couney, akawa akiwaweka ndani ya mashine katika viwanja vya maonyesho huko Coney Island, New York, watu wakilipa kiingilio kuja kuwatazama, na fedha hizo ndizo zilizowalipa wauguzi. Wazazi hawakudaiwa hata senti moja. Kazi hiyo aliiendeleza mpaka 1943, na tukitaka kumhukumu kwa kugeuza watoto maonyesho, insafu yatudai tukumbuke kwamba wengi wao walipona pale ambapo wenye dhamana walikuwa wamekata tamaa.

Wanaoshikilia rai hii wana hoja imara. Joto la mashine halichoki wala halisinzii. Mtoto huonekana mwili mzima, rangi yake ikibadilika muuguzi huiona papo hapo. Na kando ya mashine huwekwa vitu ambavyo kifua cha binadamu hakina, yaani oksijeni, kifaa kinachopuliza hewa puani kwa msukumo mdogo ili mapafu yasijifunge, dripu, na dawa ya kumkumbusha apumue asahaupo. Tofauti inayoletwa na huduma hizo ni ya kutisha: katika nchi maskini zaidi ya watoto tisa katika kila kumi waliozaliwa kabla ya wiki 28 hufa, ilhali katika nchi tajiri hufa chini ya mmoja. Mwenye kudharau vyombo na aitazame hesabu hiyo kwanza.

Walakini vyombo vina historia ya kujeruhi pia. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, Marekani, Ulaya na Australia, watoto kwa maelfu walipofuka kwa kutiwa oksijeni kupita kiasi, na wingi wa vipofu ulikuwa katika zile hospitali zilizosifika kwa ubora wa mitambo, kwa kuwa ndizo zilizokuwa na uwezo wa kuitoa kwa wingi. Kwetu hatari ina sura nyingine. Umeme hukatika; mashine moja huwekwa watoto wawili au watatu, maradhi ya mmoja yakawa ya wote; na chombo kikiharibika hukaa pembeni mwa wodi mwaka mzima kikingoja kipuri, kwa sababu aliyekitoa kama msaada hakufikiria matengenezo yake.

Hasara iliyofichika zaidi aliiona Budin mwenyewe kabla ya karne ya ishirini kuanza, nayo ni kwamba akina mama waliotenganishwa na watoto wao kwa wiki nyingi walipungukiwa na hamu nao, na baadhi yao hawakurudi kuwachukua. Kwa hiyo alitaka mama awe karibu na anyonyeshe. Hospitali za karne iliyofuata ziliichukua mashine yake zikayaacha maonyo yake, zikajenga wodi ambazo mama huchungulia mtoto kupitia dirisha la kioo, na desturi hiyo ikatufikia sisi ikiwa na heshima ya sayansi.

Rai ya pili: kifua

Mwaka 1978 katika hospitali ya mama na mtoto ya Bogotá, nchini Colombia, wodi ilikuwa imefurika, mashine hazikutosha, na maambukizi yaliwaua watoto kuliko udogo wao. Tabibu Edgar Rey Sanabria, aliyeungwa mkono muda mfupi baadaye na Héctor Martínez, akaamua kuwatoa watoto kwenye mashine na kuwarudisha kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wanyonyeshwe na waruhusiwe kwenda nyumbani mapema. Jina la huduma hiyo lilichukuliwa kwa mnyama wa Australia anayembeba mwanawe katika mfuko wa tumbo, na wauguzi wetu huiita kangaruu.

Yafaa kueleza namna inavyofanywa, kwani wengi hudhani ni kumkumbatia mtoto tu. Huvuliwa nguo zote, akabakishiwa nepi, kofia na soksi. Huwekwa wima katikati ya matiti ya mama, kichwa kikigeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili shingo isijikunje ikaziba njia ya pumzi. Mapaja hutanuliwa na kukunjwa, mikono kadhalika. Kisha hufungwa kwa kanga au kitambaa kinachovutika, ukingo wake wa juu ukikoma chini ya sikio, na fundo likiwa imara kiasi kwamba mama akisimama mtoto hateremki. Asiyeweza kunyonya hukamuliwa maziwa, yakapimwa kwa mililita, yakapitishwa katika mpira mwembamba unaofika tumboni au yakanyweshwa kwa kikombe kidogo, wala si kwa chupa. Mama hulala akiwa ameegemea mito, wala hajilazi chali kabisa, na mtoto hubaki pale mchana na usiku.

Mwanzoni rai hii ilijidhuru kwa kusifiwa kupita kiasi. Takwimu za kwanza za Bogotá ziliwahusu wale waliokwisha kuvuka saa za hatari, na katika miaka ya 1980 wakosoaji wa Ulaya walisema, na walikuwa na haki, kwamba huwezi kudai umeshinda kifo ikiwa waliokufa mapema hukuwahesabu. Majaribio yaliyofanywa kwa utaratibu, yakiwemo ya Nathalie Charpak na wenzake huko huko Bogotá katika miaka ya 1990, ndiyo yaliyoipa msingi. Hata hivyo kwa miaka mingi sharti lilibaki kwamba mtoto atulie kwanza, ndipo apelekwe kifuani; yaani mashine kwa wanyonge, kifua kwa walionusurika.

Sharti hilo lilipimwa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3200 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Kundi moja lilianza kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, likakaa humo wastani wa saa 17 kwa siku. Jingine lilisubiri mtoto atulie, kama ilivyokuwa ada ya hospitali. Katika siku 28 za kwanza walikufa asilimia 12 ya kundi la kwanza na karibu asilimia 16 ya kundi la pili, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu kuendelea kuwanyima wengine faida hiyo kusingekuwa halali. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili maelekezo yake: kifua kianze mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, isipokuwa kwa mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe hata baada ya kuzinduliwa, au aliye katika mshtuko, au anayehitaji kusukumiwa pumzi kwa mashine.

Hapa ndipo msomaji wa haraka hukosea. Utafiti ule haukufanywa chini ya mwembe. Hospitali hizo zilikuwa na oksijeni, vifaa vya kupuliza hewa puani, dripu na wauguzi. Ila kitanda cha mama kiliingizwa ndani ya wodi ya watoto mahututi. Serikali inayosoma matokeo hayo kisha ikasema kwamba kwa kuwa kifua ni bure hapana haja ya kununua vyombo, imeisoma nusu ya karatasi. Tena kifua si bure. Saa 17 za kila siku ni za mtu fulani, na mtu huyo ana mshono tumboni, au shinikizo la damu halijashuka, au ana watoto wengine watatu nyumbani ambao hajui wamekula nini. Na akiwa amejifungua pacha, kifua ni kimoja.

Rai ya tatu: ada za nyumbani

Ni rahisi kwa mtu wa hospitali kuzidharau ada, na dharau hiyo hurejeshwa kwa dharau, matokeo yake mama akawa katikati akiwaficha hawa anachoambiwa na wale. Basi tuanze na wema wake. Arobaini ya Waswahili imeundwa ili mzazi asifanye kazi yoyote ila kulala, kula na kunyonyesha. Hupikiwa uji wa pilipili manga na supu, huchuliwa mwili, hufuliwa nguo, hukatazwa hata kuingia jikoni, na kazi hiyo yote hugawanywa miongoni mwa mama, dada, shangazi na majirani bila kudai ujira. Hakuna wodi ya watoto wachanga Afrika ya Mashariki yenye wahudumu wengi kwa mama mmoja kama nyumba ya kawaida ya Tanga au Lamu. Aidha, ile hekima ya kumfungia mtoto ndani, mbali na baridi na umati, ndiyo hekima ya wodi.

Lakini ada zilitungwa kwa ajili ya mtoto aliyetimia, na zikitumiwa kwa njiti bila kupunguzwa huwa hatari. Kumwosha mara tu baada ya kuzaliwa kwamwondolea joto asiloweza kulirudisha. Hata kwa mtoto aliyetimia siku hizi hushauriwa kungoja saa 24. Kumlambisha asali au maji ya sukari, au kumwaga dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, kwa kudhani ni machafu, kwamwondolea kinga ile aliyokuja kuikosa. Udi na ubani, na mvuje unaofukizwa kumkinga na jicho la hasidi, humwingizia moshi katika mapafu yasiyokomaa. Na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama limechangia kumponya mtu mmoja anayekumbukwa, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huwaua mama na mwana pamoja usingizini. Chupa za maji ya moto zinazozungushiwa mtoto huunguza ngozi iliyo laini kuliko karatasi ya kufungia sigara. Na mama aliyepasuliwa akikandwa tumbo kwa maji ya moto kama aliyejifungua kawaida, mshono huweza kufumuka.

Kuhusu taratibu za dini, khofu ya watu ni kubwa kuliko sheria yenyewe. Adhana masikioni husomwa kwa sauti ya chini bila kumfunua mtoto. Akika, kwa madhehebu ya Shafii yaliyoenea mwambao, ni sunna, siku yake bora ni ya saba, na isipowezekana haipotei bali huweza kufanywa baadaye. Unyoaji wa nywele ni sunna pia, na kichwa cha njiti kikivuliwa kofia ndicho kinachopoteza joto kwa haraka, kwa hiyo kungoja hakuna lawama. Wakatoliki nao wanajua kwamba mtoto aliye katika hatari ya kufa aweza kubatizwa na mtu yeyote, hata muuguzi, maadam ana nia na maneno sahihi na matone machache ya maji. Jina halihitaji kungoja chochote, na ni vyema litolewe mapema, maana wazazi wengi hulizuia kwa kuogopa kujifunga na kiumbe kitakachoondoka, ilhali aliyezaliwa akaonyesha dalili ya uhai kisha akafa, ana haki ya jina, kuoshwa, sanda na sala kama maiti mwingine yeyote. Kumficha mama asimwone, kwa nia ya kumwepusha na huzuni, ni huruma ambayo wanawake wengi hawakuiomba.

Mizani

Rai hizi zikiwekwa pamoja huonekana kwamba ugomvi wa mashine na kifua, ambao ndio unaosikika zaidi, umekwisha kuamuliwa kwa sehemu kubwa. Mtoto anayeshindwa kupumua ahudumiwe kwa vyombo. Anayepumua, hata kwa kusaidiwa na kile kipuliza hewa, mahali pake pa kwanza ni kifuani. Na vyombo vimfuate pale alipo badala ya yeye kuvifuata. Hivyo hospitali ndogo isiyo na inkubeta haina haja ya kumwondoa kila mtoto wa kilo 1.9 kwa gari lenye baridi usiku wa manane: akiwa anapumua vizuri amefungwa kifuani mwa mama yuko salama zaidi pale kuliko barabarani, na akiwa hana budi kuhamishwa, basi ahamishwe akiwa kifuani humo humo. Hospitali kubwa yenye inkubeta kumi, kwa upande wake, haina udhuru wa kumzuia mama mlangoni.

Ugomvi ambao haujaamuliwa, na ambao kwa rai yangu ndio mzito, ni wa kifua na saa. Kila kitu kimeelekezwa kwa mwili wa mwanamke mmoja: joto latoka kwake, maziwa yatoka kwake, kinga yatoka kwake, na lawama zaenda kwake. Matabibu wamefanya vyema kumrudishia mwanawe, lakini wamemrudishia pamoja na zamu ya saa 17 ambayo hakuna mwajiriwa yeyote wa hospitali angeikubali. Akichoka akamweka mtoto kitandani kwa saa tatu, huandikwa kwamba hakuzingatia maelekezo.

Dawa ya jambo hilo ipo ndani ya ile rai ya tatu, ila imewekwa mahali pasipostahili. Nyumbani wapo watu watano wamejiandaa kwa arobaini, na chungu cha uji ki motoni, wakimngoja mzazi ambaye yuko wodini peke yake. Nguvu hiyo ikihamishiwa hospitalini, huduma ya kifua huwezekana. Ikibaki nyumbani, hugeuka kuwa mkusanyiko wa watu wanaoulizana habari kwa simu. Joto la baba ni joto, na la bibi kadhalika. Mama akiwa bado yuko katika chumba cha upasuaji au amelala kwa dawa za kifafa, baba aweza kuvua shati na kumpokea mtoto kifuani, na ingawa wapo wanaume wanaoona haya kufanya hivyo mbele ya wauguzi, ni haya inayoondoka kwa nusu saa. Shangazi aweza kushika zamu ya alfajiri ili mzazi alale. Kinachozuia hayo aghalabu si ada wala dini. Ni kanuni ya hospitali inayotaka wageni waingie saa kumi jioni na watoke saa kumi na moja, na wodi iliyojengwa bila pazia, ambamo haiwezekani wanaume wakae mahali wanawake wamevua nguo. Kanuni hiyo ina hoja yake, kwani watu wengi huleta maradhi. Lakini mtu mmoja aliyetajwa jina, aliyenawa mikono hadi viwiko na asiye na mafua, hahesabiki kuwa umati.

Likizo, nauli na siku za kuhesabiwa

Nje ya wodi kuna mahesabu mengine. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 ilimpa mzazi likizo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, bila kujali kwamba aliyezaliwa wiki kumi mapema angemaliza sehemu kubwa ya siku hizo akiwa hospitalini, na mama akarudi kazini wakati mwanawe, kwa hesabu ya mimba, ana umri wa wiki chache tu. Baada ya madai ya miaka kadhaa, sheria ilirekebishwa mwaka 2025 ili mama wa njiti aongezewe muda wa kufidia wiki ambazo mtoto alipungukiwa. Ni hatua ya haki. Hata hivyo huwafikia wenye ajira ya mkataba, ilhali muuza samaki wa Bagamoyo na mkulima wa mwani wa Unguja hawana mwajiri wa kuwapa siku, na kila siku wanayokaa wodini ni siku ambayo hawaingizi chochote huku nauli na chakula vya wanaomtembelea vikiendelea kutoka. Kwa hao, kikoba cha mtaa kinachokubali kutoa mkopo wa uzazi uliokwenda kombo, kama kinavyotoa wa msiba, huenda kikafaa kuliko kifungu cha sheria.

Tena liko jambo la kuhesabu siku ambalo familia nyingi hulikuta bila kulitazamia. Mtoto huruhusiwa kutoka anaponyonya, anapoongezeka uzito na joto lake linapotulia, wala hangoji afike uzito wa wenzake. Kwa hiyo hutoka mdogo, na kifua huendelea nyumbani mpaka mwenyewe aanze kujinyonganyonga kukikataa. Wakati huo huo hupewa tarehe za kurudi: kupimwa uzito, kupimwa masikio, na, kwa walio wadogo sana au waliotumia oksijeni, kupimwa macho kiasi cha wiki nne baada ya kuzaliwa, kwa kuwa ule upofu wa miaka ya 1940 bado upo na huzuilika ukigunduliwa mapema. Wiki nne ni ndani ya arobaini. Mama mkwe atasema mzazi hatoki nje na mtoto haonekani, naye asema hivyo kwa mapenzi na kwa yale aliyolelewa nayo. Muuguzi anayeandika tarehe hiyo kwenye kadi bila kumwita bibi huyo akae naye amweleze sababu yake, amemwachia mzazi, ambaye bado hajiwezi na aliye mdogo kwa wote katika nyumba hiyo, kazi ya kwenda kubishana na mkwewe peke yake.